Nilimzika Mzee Mangi kwa Simu Yangu

Kama hukunisoma juma lililopita, nitakueleza upesi ili tuende sawa.

Jina langu ni Kahaso. Nilikuwa mtangazaji wa redio moja ndogo ya Malindi, hadi siku redio ile ilipozima mitambo na kutuacha tumesimama mlangoni na mikoba yetu. Nikapanga chumba Kibarani, mjini Kilifi, nikaanzisha ukurasa wa habari mtandaoni. Niliuita Jicho la Vitengeni, kwa sababu Vitengeni ndiko nilikozaliwa, na hakuna gazeti lililokuwa na haja na Vitengeni. Mshirika wangu Hesbon akaniacha, akaondoka na kamera tuliyoinunua pamoja, akafungua ukurasa wake. Hapo ndipo tulipoishia.

Ya leo Hesbon hayamhusu sana. Ya leo ni dhambi yangu mwenyewe.

Watu huniuliza, ukurasa hukuzwaje? Hukuzwa kwa vitu vidogo. Nilianza na bei ya mahindi siku ya soko. Nikaja kwenye mbuzi waliopotea, vitambulisho vilivyookotwa, gari la maji linapita wapi na lini. Mama mmoja alimpata beberu wake Ganze kwa sababu ya picha niliyoiweka, na tangu siku ile wafuasi wangu wakaanza kujiita Wanajicho. Walifika elfu thelathini na nane.

Elfu thelathini na nane, na jikoni kwangu hakuna unga.

Kila nilipoandika kwamba ukurasa unahitaji kusaidiwa, walinijibu, "Tuko pamoja, dada!" Na mioyo myekundu chungu nzima. Mioyo ile haiingii sufuriani.

Kilichonilisha kilikuwa ni vifo. Kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Jamaa wa Mombasa, wa Mariakani, wa Malindi, lazima wote wapate habari. Zamani walilipia redio. Sasa walinilipa mimi, shilingi mia tano kwa tangazo lenye picha.

Kwa hiyo nilijiwekea sharti. Kabla sijamtangaza marehemu, nizungumze na jamaa zake wawili wasiokaa nyumba moja. Wawili, si mmoja. Rafiki yangu Purity, mwenye saluni jirani na chumba changu, ambaye ndiye aliyenisaidia kuchunga maoni ya wasomaji, aliliandika sharti lile kwa kalamu nyekundu akalibandika ukutani.

Na alikuwepo Kunal. Kunal ana duka la saruji na mabati mjini Kilifi, duka lililofunguliwa na babu yake, Mzee Lakhamshi. Nilimfuata miezi minne nikimwomba atangaze biashara kwangu. Mwishowe akaniambia, "Kahaso, nionyeshe habari yako moja iliyosomwa na watu laki moja. Moja tu. Nitatangaza kwako mwaka mzima."

Mimi nilikuwa sijapata hata kuvuka elfu ishirini.

Jumanne asubuhi nikapokea ujumbe kutoka kwa mtu aliyejiita Dena.

"Familia ya Fundi Mangi wa Vitengeni inasikitika kutangaza kifo chake kilichotokea Mombasa. Amezikwa huko huko jana. Matanga ni Jumamosi nyumbani kwake. Nyote mnakaribishwa."

Fundi Mangi! Nani asiyemjua? Madarasa ya shule yetu aliyajenga yeye. Nilijifunza kusoma ndani ya kuta zake.

Nikampigia Dena. Alipokea upesi, sauti imemkauka.

"Ndiyo, dada. Ami yangu ametutoka."

"Pole sana. Nipe na jamaa mwingine nizungumze naye."

Akanipa nambari, akasema ni ya binti wa marehemu. Nikaipiga. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Mara ya tatu, vilevile.

Purity alikuwa ameegemea mlango wangu, kitana mkononi. "Subiri," akasema.

"Hesbon hasubiri," nikamjibu. "Nikikaa nusu saa atakuwa ameshaiweka kwake."

"Sharti uliliweka wewe mwenyewe, Kahaso."

Nikabonyeza.

Na kulikuwa na neno pale mbele ya macho yangu, nikalipita. Amezikwa Mombasa. Mgiriama gani mwenye boma lake na shamba lake huzikwa ugenini, watu wake wapo? Mtoto wa darasa la nne angeuliza. Mimi, mwandishi wa miaka saba, sikuuliza.

Habari ile ilikimbia kama moto wa kiangazi. Watu waliweka picha za nyumba alizozijenga. Mwalimu mmoja aliandika kwamba Fundi Mangi alitembea kwa miguu kutoka Ganze kuja kuziba paa la shule siku ya mvua. Mafundi walisema ndiye aliyewafundisha kushika mwiko. Jumatano adhuhuri nikaangalia hesabu nikadhani simu imeharibika.

Laki moja na elfu kumi na mbili.

Kabla sijamaliza kushangaa, Kunal akapiga. "Njoo dukani. Karatasi ziko tayari."

Nilikwenda karibu mbio. Nilivaa gauni langu la Jumapili siku ya Jumatano. Kunal alinipa kiti, akanipa chai ya maziwa, akasukuma mkataba mbele yangu. Nikashika kalamu.

Simu yangu ikalia.

"Wewe ndiwe Kahaso wa Jicho?" Sauti ya mtu mzima.

"Ndimi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Mangi."

"Mangi yupi, baba?"

"Huyo uliyemzika."

Nikacheka. Wachokozi mtandaoni hawaishi. "Baba, tafadhali. Usimfanyie marehemu mzaha."

"Marehemu gani? Asubuhi nimekula muhogo na chai. Marehemu hula muhogo?"

Kunal aliyasikia. Akaniashiria niongeze sauti, akainama juu ya meza. "Fundi? Ni wewe?"

"Nani huyo? Kunal? Yule mtoto aliyekuwa akilala juu ya mifuko ya saruji, babu yake akimtafuta duka zima?"

Uso wa Kunal ukabadilika. Alinitazama, akautazama mkataba, kisha akauvuta taratibu kutoka chini ya kalamu yangu.

"Kahaso," akasema, "huyu ni Fundi Mangi mwenyewe. Amenunua saruji hapa miaka thelathini."

"Kunal, nisikilize..."

"Watu laki moja wamesoma uongo. Mimi siwezi kuliweka jina la babu yangu pembeni ya uongo. Kasafishe kwanza." Akautia mkataba ndani ya saraka.

Mzee aliniambia yuko Rabai, kwa binti yake Kahonzi. "Njoo peke yako," akasema. "Na usimwambie mtu."

Alhamisi asubuhi nilikuwa Rabai. Kahonzi alinifungulia mlango. Nilimwamkia.

"Ndiwe muuaji?" akaniuliza.

Akanipisha nikaingia.

Fundi Mangi alikuwa amekaa kitandani. Uso ulikuwa wa mtu wa miaka sabini na kitu, lakini nywele nyeusi tititi kama za kijana wa ishirini.

"Unaziangalia nywele," akasema. "Ni piko. Binti yangu hunipaka kila baada ya wiki mbili. Huko kwetu mvi zinaua siku hizi, mwanangu. Mtu akizeeka anaitwa mchawi."

Akanieleza. Mwaka jana mtoto wa jirani alikufa kwa malaria. Siku ya pili, barua ilipenyezwa chini ya mlango wake: Mchawi, ondoka kabla hatujakuondoa. Aliutambua mwandiko. Ulikuwa wa Dena, mtoto wa ndugu yake, ambaye alikuwa amelitafutia mnunuzi shamba la mzee la ekari tisa lililopakana na barabara. Mzee alikataa kuuza. Baada ya barua likaja panga. Walivunja mlango, wakakuta kitanda kitupu, kwa kuwa aliwasikia akatorokea dirishani.

"Miezi mitano ananitafuta," akasema mzee. "Hanipati. Sasa naona amepata njia rahisi. Jumamosi wazee wataketi matangani, na mnunuzi atakuwepo. Maiti hana shamba."

Kahonzi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Nambari uliyopewa ilikuwa yangu," akasema. "Niliitupa ili wasitupate. Ilipokosekana, kwa nini hukunyamaza? Panga lilimkosa baba yangu. Wewe hukumkosa."

Wasomaji, nimetukanwa na watu wengi katika kazi hii. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama lile.

Pale pale nililifuta tangazo. Nikaandika masahihisho kwa herufi kubwa: Fundi Mangi yu hai, nilikosea, naomba radhi. Nikangoja.

Baada ya saa mbili yalikuwa yamesomwa na watu mia tatu na kumi.

Mia tatu na kumi! Uongo ulipewa mbawa, ukweli ukapewa magongo. Na hao mia tatu wenyewe hawakuniamini. "Umelipwa ukanushe." "Acha kuchezea wafu, dada." "Sisi tumeshachanga nauli ya matanga." Picha za tangazo nililolifuta zilikuwa zinazunguka kwenye makundi ya wasap kuanzia Rabai hadi Malindi, na jina la Jicho limeandikwa juu yake kama muhuri wa serikali.

Nikampigia Hesbon. Alikuwa ameinakili habari yangu neno kwa neno.

"Hesbon, ifute. Mzee yuko hai, niko naye hapa."

"Yuko hai?" Akafikiri kidogo. "Basi hiyo ni habari nyingine. Ukiwa na video nitumie."

"Nimesema ifute!"

"Inatembea vizuri, Kahaso. Siwezi kuisimamisha."

Nikakata. Nikampigia Dena, nikamwambia yote niliyoyajua: barua, panga, mnunuzi. Nilitarajia atapaza sauti. Hakupaza.

"Dada yangu," akasema kwa upole, "mimi niliambiwa amekufa, nami nikaja kwako. Kama yuko hai, nani atakayefurahi kunishinda mimi? Lakini watu hawataki maandishi tena. Mtu aliye hai huonekana. Muonyeshe."

"Nitamuonyesha!"

"Haya basi. Tutaangalia sote."

Naandika maneno haya sasa na najiuliza masikio yangu yalikuwa wapi.

Purity naye alinipigia kusema hilo hilo, yeye kwa nia njema. "Rusha matangazo ya moja kwa moja, Kahaso. Mzee azungumze mwenyewe. Kesho, kabla ya matanga."

Kahonzi alikataa kabisa. "Hatoki. Uso wake hautoki humu ndani."

Lakini mzee akainuka kitandani. "Nimewajengea watu nyumba miaka arobaini, leo nimefichwa kama gunia la magendo. Shamba langu linagawanywa nami nasikia. Nataka waniangalie usoni."

"Baba..."

"Nimesema, Kahonzi."

Tukakubaliana. Ndani ya chumba tu. Leso itundikwe nyuma yake, isionekane dirisha wala ukuta. Jina la Rabai lisitajwe. Niliapa mbele ya Kahonzi, mkono juu ya Biblia yake.

Ijumaa saa nne asubuhi nikafungua matangazo. Mzee alivaa shati jeupe, akashika gazeti la siku hiyo.

"Mimi ni Mangi," akaanza. "Sijafa. Na sijauza."

Watazamaji elfu mbili. Elfu tano. Majina ya watu wa Vitengeni yalikuwa yanapanda kwenye kioo kama siafu. Mmoja aliandika kwamba mama yake amepiga vigelegele mpaka majirani wamekuja. Nilihisi kifua kinafunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Ndipo mtu akaandika: "Hiyo ni akili mnemba. Siku hizi wanatengeneza sura ya mtu yeyote."

Mwingine: "Kweli. Mbona nyuma kuna leso tu? Mwambie atoke juani."

Mwingine, na mwingine. Atoke juani. Atoke juani.

Nilifanya kosa la kumsomea.

"Mimi? Mimi ndimi bandia?" Mzee alisimama akalitupa gazeti. "Nani amesema mimi ni bandia?"

Akaelekea mlangoni. Kahonzi akamshika mkono, mzee akajinasua.

Hapa ndipo ninapotaka mnielewe vizuri, kwa maana naweza kuwadanganya nikasema mambo yalikwenda mbio. Hayakwenda mbio. Nilipata muda wa kutosha kuzima simu ile. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini nikaiona hesabu. Elfu tisa. Elfu kumi na moja. Elfu kumi na nne. Ilikuwa haijawahi kunitokea.

Nikamfuata nje.

Mzee alisimama uani, jua likimpiga usoni, akaupiga ukuta kwa kiganja. "Ukuta huu nimeujenga mwezi uliopita kwa mikono hii! Bandia hujenga ukuta?" Nyuma yake, juu ya ukuta, lilionekana tangi kubwa la maji la rangi ya buluu na mlima uliojaa nyumba.

Kahonzi alinipiga kikumbo simu ikageukia chini. Nikazima. Baadaye niliipima ile video. Tulikaa nje sekunde thelathini na moja.

Halafu mambo yakawa mazuri, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Chifu alinipigia mwenyewe kusema matanga yamefutwa na hakuna shamba litakalouzwa. Kunal akaandika, "Umesafisha. Njoo Jumatatu utie sahihi." Na Wanajicho, wale wale wa mioyo myekundu, wakaanza kunitumia pesa bila kuombwa: hamsini hamsini, mia mia, mwingine akisema hii ni ya chai ya Fundi, mwingine hii ni ya bando lako. Mzee alikuwa anazunguka chumbani akiimba. Hata Kahonzi alinipikia wali wa nazi, ingawa alinitilia bila kunitazama.

Kila nilichokitafuta tangu nilipotoka Malindi kilikuwa mkononi mwangu. Nilikula wali ule nikihesabu ujumbe.

Purity akapiga.

"Kahaso, umeyasoma maoni?"

"Ni mengi mno. Kuna nini?"

"Kuna mtu ameandika, 'Tangi hilo la buluu nalijua. Ni Rabai, teremko la nyuma ya shule.' Watu mia sita wamelipenda oni lake."

Niliweka sahani chini. "Lifute!"

"Nimelifuta. Lakini limekaa saa nzima na nusu. Nilikuwa na mteja kichwani, sikuliona. Kahaso, watoe hapo. Watoe sasa hivi."

Nilipoishusha simu kutoka sikioni, ujumbe mwingine ulikuwa unaningoja. Ulitoka kwa Dena.

"Ahsante dada. Nilijua wewe ndiye utakayemtoa."

Nikausoma mara mbili. Kumbe hakuhitaji wazee waamini kwamba ami yake amekufa. Alihitaji mzee asikie, akasirike, ajitokeze. Na alihitaji mtu wa kumtoa nje, mwenye njaa ya kutosha.

"Kahonzi," nikaita. "Kahonzi!"

Nje, pikipiki ikazima. Ikazima ya pili. Ya tatu.

Kahonzi alitoka jikoni, akaniona uso, akaelewa bila kuambiwa. Sinia lilimponyoka likaanguka sakafuni.

Mlango ukabishwa mara moja, kwa adabu.

"Hodi wenyewe! Tumekuja kumwamkia Fundi."

"Mnaona?" akasema mzee, akifunga kifungo cha juu cha shati lake jeupe. Alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. "Watu wangu hao. Wameniona wamekuja."

"Baba, usi..."

Alikuwa karibu na mlango kuliko sisi wote wawili. Na mkono wake, ule mkono wa fundi, ulikuwa umeshaliondoa komeo.